Darasa la Ngoma la Legon

Mwanangu, watu wa rika langu wakianza kusimulia habari za Ghana ya miaka ya sitini huanza na Rais Kwame Nkrumah, na hawakosei, maana sura yake ilikuwa kwenye stempu, kwenye sarafu na kwenye kuta za maduka, na jina lake halikukauka midomoni mwa watoto wa shule. Mimi nitaanza na kibanda cha mabati kilichokuwa chini ya mwarobaini, pembeni mwa Chuo Kikuu cha Legon, ambako jioni za katikati ya juma na asubuhi za Jumamosi watu waliotoka pande mbalimbali za dunia walikaa kwenye vigoda, magoti yakigusana, wakifundishwa ngoma za kabila la Waewe. Nilikwenda huko Oktoba 1963 kwa ufadhili wa serikali ya Ghana, kijana wa Ngamiani, Tanga, mwenye sanduku la bati na suti moja niliyoshonewa na fundi wa mtaani kwetu kwa shilingi themanini, fedha ambazo marehemu baba alizikopa kwa watu watatu. Nilikwenda kusoma jiografia. Shahada niliipata, ikanilisha mimi na nyinyi. Lakini watu nilionao moyoni kutoka Ghana niliwapata pale kibandani.

Legon iko juu ya kilima, maili nane hivi kutoka katikati ya Accra, majengo meupe yenye mapaa ya vigae vyekundu. Mwezi ule ule niliofika, tarehe 25, Nkrumah alikuja kuifungua rasmi Taasisi ya Taaluma za Kiafrika. Tulisimama nyuma kabisa, jua la mchana likituchoma, tukamsikia akiwataka wasomi waichunguze Afrika kwa macho ya Waafrika wenyewe. Maneno ya wakubwa aghalabu huishia jukwaani, lakini yale yalikuta watu wameshaanza kazi. Kwabena Nketia alikuwa amezunguka vijijini miaka mingi akikusanya nyimbo na mapigo ya ngoma, na mwaka ule ule kitabu chake juu ya ngoma za Waakan kilikuwa kimetoka. Mawere Opoku alikuwa na kundi la ngoma la taifa lililoanzishwa mwaka 1962. Mzee Ephraim Amu ungemwona akipita polepole na vazi lake la nguo iliyofumwa kwa mkono, na wenyeji wakikunong'oneza kwamba ndiye yule mwalimu ambaye kanisa lilimwondoa chuoni Akropong mwaka 1933 kwa kung'ang'ania mavazi na muziki wa kwao ndani ya ibada. Miaka thelathini baadaye mambo yaliyomfukuzisha kazi yakawa ndiyo yanayofundishwa, na mafundi wa ngoma kutoka vijijini, wasio na cheti chochote, wakawa walimu ndani ya uzio mmoja na maprofesa.

Mwalimu wetu alikuwa mmoja wa mafundi hao, Mwewe wa Anlo, mtu mfupi mwenye kifua kipana, alama ndogo ya chanjo shavuni na macho mekundu ya mtu aliyekesha kwenye misiba mingi. Wanafunzi wa muziki walimfuata kwa ajili ya diploma. Sisi wengine aliturudisha jioni bila ada, ila kwa desturi. Anayeanza alileta chupa ya schnapps ya Uholanzi, mwalimu akamimina kidogo chini na kuwataja wazee waliomfundisha, kisha chupa ikazunguka. Mimi kwa dini yangu sikuonja, na hakuna aliyenilazimisha. Zamu yangu nililipa kwa mkate na dagaa wa kopo, vikaliwa vyote kabla ngoma haijawambwa. Aliniuliza kwetu tunapiga nini. Nikageuza karai lililokuwa pale, nikampigia mapigo ya chapuo kama tulivyopiga arusini Tanga. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, akanipa fimbo mbili ndefu nyembamba na kuniketisha mbele ya ngoma ndogo kuliko zote.

Nataka uzijue ngoma zenyewe, maana bila hivyo hutaelewa habari ya watu. Nyingi za ngoma nilizoziona kwa Waewe hazikutobolewa kwenye gogo. Mbao nyembamba ziliunganishwa na kubanwa kwa pete za chuma, na ngozi ya paa ikawambwa juu na kukazwa kwa vigingi vya mti. Kabla ya kupiga, mwalimu aliilowesha ngozi, akaisugua kwa kiganja, akagonga kigingi kimoja kimoja huku ametega sikio, na harufu ya ngozi mbichi ikachanganyika na tumbaku yake na moshi wa kuni wa mama aliyeuza chakula jirani. Ulipofika msimu wa harmatani, ule upepo mkavu utokao Sahara, midomo yetu ilipasuka, vumbi likafunika jua, na ngozi zikakazana zenyewe hata ngoma zikalia sauti za juu ambazo mwalimu hakuzipenda. Tulianza na Agbadza, ngoma inayochezwa misibani na kwenye sherehe. Nguzo yake ni gankogui, kengele ya chuma yenye midomo miwili: mapigo saba, yale yale, tangu mwanzo hadi mwisho. Kando yake axatse, kibuyu kilichovishwa wavu wa shanga, hupigwa pajani na kiganjani. Kidi, ngoma ya kati, hupiga mapigo matatu ya wazi na matatu ya kubana. Sogo ndiyo kubwa, ndiyo inayozungumza na wachezaji. Na kaganu, kangoma kangu, huacha pigo kuu lipite bila kuligusa, kisha hujaza mawili yanayofuata, tena na tena.

Ukiipiga kaganu peke yako hujui uko wapi. Masikio yenyewe hukuhadaa, ukadhani pigo lako la kwanza ndilo pigo kuu, na mara unapiga ngoma nyingine kabisa. Kengele ikiingia, na kidi ikijibu, ndipo yale mapigo yako mawili yanapopata mahali pa kukaa. Nilimwomba mwalimu aniruhusu kuchukua kangoma chumbani nikafanye mazoezi usiku. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akauliza, "Huko peke yako utajifunza nini?" Hakumruhusu yeyote. Kwake mazoezi yalikuwa ni watu watano kukaa pamoja. Asipokuja mmoja, tulimngoja, na kama hakuja kabisa tulitumwa kumtafuta bwenini. Kwa njia hiyo tulijua nani ana malaria, nani hana fedha ya sabuni, nani kapata barua mbaya kutoka kwao. Sijaona shule nyingine inayomlazimisha mtu kumjua mwenziwe hivyo.

Tuliitana kwa ngoma zetu, na majina hayo ndiyo nitakayowaitia hapa. Kengele alikuwa mwalimu wa kike kutoka Philadelphia, Mmarekani mweusi mwenye miwani mizito na kicheko kikubwa, mmoja wa wale waliohamia Ghana siku zile wakitafuta nchi ya babu zao. Alimwona Malcolm X kwa macho yake alipokuja kuhutubia Legon Mei 1964, na siku mbili nzima baada ya hapo hakutaka kuzungumza jingine. Axatse alikuwa binti wa Kumasi aliyekaa Volta Hall, bweni la wasichana. Mama yake aliuza vitambaa sokoni, naye alirithi ulimi wa soko: hakuna bei aliyokubali mara ya kwanza. Ndugu zake walimshangaa, Mwasante kwenda kujifunza ngoma za Waewe, naye aliwajibu kwamba anakwenda panapopigwa vizuri. Kidi alikuwa mkimbizi wa siasa kutoka Rhodesia ya Kusini, mwembamba, mpole, mwenye shati moja jeupe alilolifua kila usiku. Sogo alikuwa Myoruba wa Ibadan, mrefu, mwenye sauti nzito, aliyekulia kwenye ngoma na kuamini kwamba hakuna taifa linalowashinda Wayoruba kwa lolote.

Baada ya darasa tulikwenda kwa yule mama jirani. Kenkey yake, ugali wa mahindi yaliyochachushwa na kuchemshwa ndani ya maganda ya mahindi, ilikuwa peni mbili, samaki wa kukaanga peni tatu, na pilipili ya kusagwa na nyanya ilikuwa bure ukiwa na adabu. Ukifungua ganda, mvuke mchachu ulikupanda puani. Mwanzoni ulinikumbusha togwa iliyolala. Baada ya miezi michache nikawa naitamani hata mhadharani. Siku ambazo Kidi hakuwa na kitu, Axatse aligombana na mama bei mpaka akapata kenkey ya tano kwa fedha ya nne, na Kidi hakuambiwa imetoka wapi.

Januari 1964 habari za kwetu zilikuja kwa mkupuo. Tarehe 12 Zanzibar ilipinduliwa, nako nilikuwa na shangazi na binamu. Tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi. Simu hazikuwapo za kumpigia mama, na barua ilichukua wiki kadhaa. Nilikaa mbele ya redio ya bweni, nikaacha kula, nikaacha kwenda darasani. Siku ya pili nilisikia ngazi zikilia: mwalimu wetu, ambaye hakuwahi kukanyaga bweni, amepanda mpaka chumbani kwangu, na nyuma yake Sogo na Kengele. Hakuniambia neno la faraja. Alisema kaganu haina mtu. Nikavaa viatu. Tulipiga mpaka giza likaingia, na wenzangu wawili wakalala kwenye sakafu ya chumba changu wakipokezana kusikiliza matangazo ya BBC. Aprili, Naijeria ilipopeleka askari wake Tanganyika kushika nafasi ya Waingereza, Sogo alinunulia watu wote kenkey na kuniambia nisiwe na wasiwasi tena, nchi yangu iko chini ya ulinzi wa jamaa zake.

Julai mwaka ule wakuu wa Afrika walikutana Cairo, na huko Nkrumah na rais wetu Nyerere wakapambana hadharani. Nkrumah alitaka serikali moja ya Afrika bila kuchelewa; Nyerere alisema umoja utajengwa hatua kwa hatua, na alimjibu mwenzake kwa maneno makali. Usifikiri mgogoro ule ulibaki Cairo. Mimi nilikuwa Mtanganyika peke yangu katika kile kibanda, nikala msosi wa Nkrumah, nikalala kwenye kitanda cha Nkrumah, na Kidi, ambaye nchi yake ilingoja umoja huo uikomboe, alinikabili kwa hasira ambayo sikujua anayo. Nilimtetea Nyerere kwa hoja zote nilizokuwa nazo. Mwalimu wetu alitusikiliza kidogo, kisha akatubadilisha viti: Kidi akapewa kaganu, mimi nikapewa kidi yake. Huwezi kubishana huku unapiga sehemu usiyoizoea. Macho yote yalikuwa kwenye mikono ya mwenzio, maana yeye ndiye anayeijua. Ubishi tuliuendeleza usiku kwenye kenkey, na miaka yote iliyofuata. Hatukuafikiana hata siku moja, wala hatukukosana.

Novemba mwalimu alitupeleka kwao Anloga, kwenye sikukuu ya Hogbetsotso. Tulipanda lori lenye bodi ya mbao, tukavuka Mto Volta kwa pantoni, tukafika kwenye ukanda mwembamba wa mchanga ulio kati ya bahari na wangwa, uliokatwa vijishamba vya vitunguu vidogo vyekundu, kila kimoja na kisima chake. Hewa yote ilinukia vitunguu, chumvi na samaki wa moshi. Mimi mtu wa pwani nilijiona nimefika nyumbani. Sikukuu hiyo hukumbuka jinsi wazee wao walivyotoroka Notsie, iliyoko Togo ya leo, kumkimbia mfalme katili aliyeitwa Agokoli. Husimuliwa kwamba wanawake walimwaga maji ya kuoshea vyombo kwenye ukuta wa udongo mahali pamoja mpaka ukalainika, na usiku wa kutoka wapiga ngoma waliendelea kupiga ili walinzi wasisikie vishindo vya miguu; nao watu wakatoka wakitembea kinyumenyume, ili nyayo zao zionekane zinaingia mjini. Kengele alisikiliza hadithi ile na machozi yakimtoka bila kuyafuta. Watu wake walisafirishwa kupitia pwani ile ile, akasema, na hakuna ngoma iliyowafunika. Bibi mmoja, dada wa mwalimu wetu, alimshika mkono akaenda naye jikoni, na hatukumwona tena mpaka jioni, alipotokea amefungwa kitambaa kiunoni, akicheza Agbadza katikati ya akina mama, viwiko nyuma, kifua mbele, na wao wakimtunza sarafu.

Mwaka 1965 hali ilikaza. Bei ya kakao katika soko la dunia ilianguka, sukari na maziwa vikaadimika, na foleni zikaonekana Accra. Julai fedha zilibadilishwa, paundi ikawa cedi mbili na pesewa arobaini. Mama wa kenkey alihesabu pesewa kwa shaka, akizigeuza upande wa sura ya Nkrumah na upande wa pili. Novemba 11 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, na Desemba Tanzania na Ghana, moja baada ya nyingine, zikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Jioni habari hizo zilipotufikia Kidi alinikumbatia mbele ya watu, akasema angalau katika hili wazee wetu wawili wamepiga kengele moja.

Kisha ikaja Alhamisi ya tarehe 24 Februari 1966. Alfajiri tulisikia risasi kutoka upande wa Flagstaff House, makao ya Nkrumah, na redio ikatangaza kwamba jeshi limechukua nchi. Nkrumah alikuwa safarini kwenda Hanoi. Wanafunzi wengi wa Legon walishangilia, wakaandamana mjini, na sanamu yake ikaangushwa. Axatse alikuwa miongoni mwa walioimba barabarani, na alikuwa na sababu: mjomba wake alikaa kizuizini miaka bila kufikishwa mahakamani, na wiki ile alirudi nyumbani amepoteza meno na nusu ya uzito wake. Kidi hakutoka chumbani. Ilikwishajulikana kwamba wapigania uhuru hawatakuwa tena na kinga. Jumamosi wote wawili walikuja kibandani, mmoja amevaa nguo nyeupe ya furaha, mwingine na shati lake lile lile. Hakuna aliyemsalimu mwenziwe. Mwalimu aliichukua kengele mwenyewe, akaanza, na kila mmoja akaingia mahali pake. Sijui tulipiga muda gani. Najua tu kwamba hakuna aliyeteleza, na tulipomaliza Axatse alivuka duara, akaketi karibu na Kidi, akamweleza habari za mjomba wake tangu mwanzo. Naye akasikiliza yote, kisha akamweleza za ndugu zake walioko gerezani Salisbury.

Wiki tatu baadaye Axatse alikwenda Kumasi akarudi na cedi hamsini alizopewa na mama yake, fedha za vitambaa, nasi tukaongeza tulichonacho. Ndiyo nauli iliyomwondoa Kidi Ghana. Msichana aliyeshangilia kuanguka kwa Nkrumah ndiye aliyemlipia safari mtu aliyemlilia Nkrumah, na hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu isipokuwa mimi, ninayeliandika leo.

Kidi alifika Dar es Salaam, ambako vyama vya ukombozi vilikuwa na ofisi zao, na niliporudi nyumbani nilimkuta. Tuliishi jirani Magomeni, na bibi yako alikuwa akimpikia. Mwaka 1974 ulipofanyika Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika katika Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kengele alikuja na Wamarekani wenzake, nywele zimeingia mvi, kicheko kile kile. Usiku tuliketi uani kwangu, yeye na chupa ya soda na kijiko, Kidi na debe, mimi na meza, na majirani wakatoka kuuliza ni ngoma ya kabila gani. Baada ya nchi yake kupata uhuru mwaka 1980 Kidi alirudi kwao, na alipofariki watoto wake walinipigia simu kabla ya kuwaita baadhi ya jamaa. Sogo alinyamaza wakati wa vita vya Biafra kwao Naijeria, kisha barua zikaanza tena, ndefu, zenye majivuno yale yale. Axatse bado yu hai, Kumasi, na bado hakubali bei ya kwanza.

Nimeishi kuona mikutano mingi ya umoja, mwanangu, na siidharau. Pasingekuwa na wakubwa waliothubutu kuinena Afrika moja, sisi watano tusingekutana. Lakini nimeona pia kwamba hotuba haimfundishi mtu kumngoja mwenziwe. Hilo hufundishwa kwa kukaa pamoja siku ile ile, saa ile ile, kila mtu na sehemu yake ndogo isiyotosha bila za wengine, mpaka kutokuwapo kwa mmoja kukawauma wote. Ghana niliyoijua iliwapa wageni nafasi hiyo bure, kwa ukarimu ambao sijauona mahali pengine, na waliotupa hawakuwa mawaziri. Walikuwa mafundi wa ngoma na mama wa kenkey. Kwa hiyo ukisikia kuna watu mjini kwenu wanaojifunza ngoma, za Waewe, za Wamande au za kwetu, usianze kwa kuuliza ni watu wa kabila gani wala chama gani. Uliza wanakutana siku gani, nenda, na ukishapewa sehemu yako usikose hata Jumamosi moja.